Ndege wa Mageti

Alhamisi saa nne asubuhi, nyuma ya karakana, dada mtu alikuwa kwenye kigoda akipiga tupa mdomo wa ndege wa chuma. Akimaliza huupuliza, kisha huupitisha shavuni kusikia kama bado unakwaruza. Miaka arobaini ya kazi hiyo ilikuwa imemchora shavu la kulia mistari kama daftari.

Kaka yake alikuwa mbele na wateja. Nyundo hakuwahi kuishika, ila mdomo wake uliuza geti kabla halijachomelewa. Baba yao alimwachia karakana yeye, mtoto wa kiume, na kila geti lilitoka na kibati chenye jina lake. Hata hivyo, alimpenda dada yake kweli. Chai alimkorogea mwenyewe, sukari vijiko vitatu.

Ndege wenyewe, kila mmoja kwenye geti lake, walimjua dada kuwa ndiye mama yao. Akipita mtaani waligeuza shingo. Geti likigoma kufunguka, mwenye nyumba alikuja mbio: "Shangazi, hebu njoo uwaseme wanao, nachelewa kazini!" Akienda, akiwasema, linafunguka.

Jumamosi kaka alikuwa anapewa nishani ya usanii wa chuma.

"Utawaambia ni kazi ya nani?" dada akauliza.

"Nikishika tu kipaza sauti, dada yangu."

Akakishika. Akamshukuru marehemu baba, akawashukuru wateja, akamshukuru hata anayeleta gesi. Kisha akaketi. Dada, aliyekaa kiti cha nyuma kabisa na gauni lake jipya, akapiga makofi kama wengine, akaondoka.

Nyumbani akakuta ndege mia mbili na kumi na saba juu ya paa. Bati lilikuwa limebonyea. Haukupita muda, wenye mageti wakafika na ngazi.

"Kwamba ni wako tunajua, shangazi," alisema karani mmoja kwa adabu. "Ila geti limebaki na matundu, mbwa wanapita."

Kaka akaja mwisho, nishani shingoni.

"Ulisahau," dada akamwambia.

"Sikusahau. Niliona haya. Wangeuliza miaka yote hiyo mimi nilikuwa nafanya nini."

"Ulikuwa unakoroga chai."

Wakacheka wote wawili, hata karani.

"Basi badilisha vibati," dada akasema.

Kaka akaangalia viatu vyake. "Jina limeshazoeleka, dada."

Dada akawapigia ndege mluzi, wakaruka mmoja mmoja, kila mmoja na geti lake. Wenye ngazi wakashukuru, wakaondoka.

Hapo akaona shingo ya kaka imekuwa nyekundu. Akaivuta ile nishani, akaipitisha ukingo shavuni.

"Inakwaruza," akasema. "Hawa walioitengeneza hawajui kazi. Ivue, nikupigie tupa."

Kaka akaivua, akaenda kubandika chai.