Spika ya Kushoto

Jumapili saa tisa alasiri Lea alifuta vumbi kwenye sabufa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Upepo wa hapa Mkonze mwezi wa nane hauna adabu, unaingiza udongo mwekundu hata ndani ya kopo la sukari. Alitandika mkeka, akapanga vikombe vinne, kisha akakumbuka, akarudisha kimoja kabatini.

Kikundi chao kilikuwa cha wanawake wanne, na kazi yake ilikuwa kusikiliza muziki. Kila Jumapili mmoja alikuja na flashi aliyoipanga wiki nzima, nyimbo azipendazo, moja baada ya nyingine kwa utaratibu anaoujua mwenyewe. Wenzake walisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kuruka wimbo kulikatazwa. Devota, karani wa shule aliyestaafu, alileta dansi la zamani. Mwajabu, aliyetoka Kolo na sasa anauza vitenge sokoni, alileta taarabu. Lea alileta kwaya. Mdogo wake Lea, Evarista, alichanganya vyote, akachomeka na sauti alizorekodi mwenyewe kwa simu.

Jumapili hii ilikuwa zamu ya Evarista. Alikuwa amefariki siku nane zilizopita, lakini flashi yake aliiacha tayari kwenye kisahani juu ya televisheni, kwa hiyo hawakuona sababu ya kubadilisha zamu.

Mtoto aliyemwacha, Hana, alikuwa amelala kwenye mkeka akiwa macho. Alikuwa halii tena. Maziwa ya kopo aliyatapika yote tangu siku ya pili, na ya ng'ombe vilevile, na mikono yake ilikuwa imeanza kulegea.

"Weka basi," alisema Devota. "Tumsikie alichotupangia."

Wimbo wa kwanza ulikuwa dansi. "Huo kautoa kwangu," alisema Devota.

"Nimejua," alisema Mwajabu. "Nyimbo zako utangulizi wake mrefu kuliko wa mchungaji."

"Afadhali. Taarabu yako inagombana na jirani hata simjui."

Wimbo wa nne ulikuwa zeze la babu yao Lea na Evarista, Mzee Matonya, lililorekodiwa jikoni kwake Kongwa, mbuzi mmoja akisikika nyuma. Zeze lilipokolea, kitambaa cha spika ya kushoto kililowa. Tone likaning'inia kwenye ukingo, likaanguka kwenye mkeka, likafuata jingine. Mwajabu alisogeza kikombe chake chini ya spika.

Devota alichovya kidole, akaonja. "Maziwa," alisema. "Ya mzazi. Yana utamu ule."

Lea alimnywesha Hana kwa kijiko. Hana alimeza, hakutapika, akafungua mdomo tena. Wakati zeze likiendelea Lea alimwinua, akamweka kinywa kwenye kitambaa cha spika, na mtoto akanyonya hadi wimbo wa tisa, akalala na ngumi zimefunguka.

Waligundua mambo mawili wiki hiyo. La kwanza, ukiruka wimbo wowote, maziwa yanakata hadi urudie mwanzo. La pili, nakala haifai. Mwajabu alinakili ile flashi, akaijaribu kwake, akapata maji meupe ya kutosha chai tu. Tangu hapo kila aliyekuja kwa Lea alikuja na namba za luku kwenye karatasi, umeme usikatike kabla mtoto hajashiba.

Kifo chenyewe kilikuwa hivi. Evarista alifika kituo cha afya saa saba mchana, begi lake likiwa na kila kitu cha kwenye orodha: glovu, pamba, nyuzi, kanga tano za zamani zilizofuliwa. Alikaa kwenye benchi mpaka saa kumi. Mtoto alitoka salama ila damu haikukata. Damu ya kumwongezea ilikuwepo, mifuko miwili ya kundi lake, ndani ya friji yenye kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mganga mfawidhi, Daktari Petro, aliyekuwa mjini akichagua zulia jekundu. Kituo kilikuwa kinajiandaa kupokea wageni kwa kutimiza siku mia tatu sitini na tano bila kupoteza mama. Evarista alikufa siku ya mia tatu sitini na mbili. Kwenye daftari la wodi aliandikwa "amehamishwa." Safu ya mahali alikohamishiwa iliachwa wazi.

Wageni walikuja, wakatembea juu ya zulia, wakaondoka.

Lea alitaka neno moja lirekebishwe. Devota, aliyeshika madaftari ya watu miaka thelathini, ndiye aliyemweleza uzito wake. "Likiandikwa amefariki, lazima kikao kikae. Kikao kikikaa, lazima mtu aulize ufunguo ulikuwa wapi. Lisipoandikwa, mdogo wako kasafiri." Waliandika barua, wakaipeleka kituoni, wakagongewa muhuri wa kupokelewa.

Wiki ya sita Lea alimpeleka Hana kliniki. Aliyekuwa zamu kwenye mizani ni Sista Angelina, muuguzi aliyemshika Evarista mkono siku ile. Hakumtazama Lea usoni.

"Mtoto anakula nini?"

"Ananyonya."

"Ananyonya nani?"

"Mama yake," alisema Lea, na hakuwa anadanganya.

Sista Angelina aliangalia mizani. Kilo tano na nusu. Alibonyeza shavu la Hana, likarudi lenyewe. "Kweli huyu ananyonya," alisema. Kadi ilikuwa na visanduku viwili, mama yu hai, mama amefariki, na chini ya kile cha pili hapakuwa na mstari wa kunyonyesha. Aliweka tiki kwenye cha kwanza, akajaza mstari, akagonga muhuri. Lea alirudi nyumbani akitabasamu njia nzima kwa sababu ya zile kilo.

Wiki iliyofuata aliitwa ofisini kwa Daktari Petro.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Kaa, mama." Barua yao ilikuwa mezani, na juu yake nakala ya kadi ya Hana. "Unaomba niandike huyu mama amefariki. Hapa naona ananyonyesha."

"Tumemzika Kongwa, daktari. Picha ninazo."

"Sijasema hamkumzika. Nasema ananyonyesha. Nitamwandikaje marehemu mtu ambaye maziwa yake yako tumboni mwa mtoto?"

"Yanatoka kwenye spika."

"Ya kulia au ya kushoto?"

"Ya kushoto."

Daktari aliandika hilo pembeni ya barua. Jumatatu alimtuma mtu wa maabara na kichupa. Majibu yalirudi kwa maandishi: maziwa ya binadamu, mapya, salama kwa mtoto. Daktari alimpigia Lea simu mwenyewe, kwa sauti ya upole.

"Mama, tusisumbuane. Zima redio. Mwezi ujao kadi ikionyesha mtoto hanyonyi, ntakuwa na msingi wa kurekebisha daftari. Ikionyesha ananyonya, sina."

"Na mtoto ale nini?"

"Maziwa ya kopo yapo madukani."

Lea alizima sabufa Alhamisi asubuhi. Alichomoa waya ukutani, akauviringisha, akauweka juu ya kabati ili asiushike kwa mazoea. Alinunua kopo. Hana alitapika Alhamisi, akatapika Ijumaa, Jumamosi hakuwa na cha kutapika. Ilipofika Jumapili alikuwa kama nguo iliyoanuliwa, ukimbeba huoni tofauti.

Wanawake walikaa kwenye mkeka bila muziki. Ilikuwa zamu ya Mwajabu, flashi yake ikabaki imefungwa kwenye pindo la kanga.

"Vumilia," alisema Devota. Macho yake yalikuwa mekundu. "Yule mtu anajua hutaweza, ndiyo maana kakwambia. Siku ya kliniki bado wiki tatu tu. Ukiwasha leo, mwanangu, umemsainia."

"Wiki tatu?" alisema Mwajabu. "Hebu mbebe huyu mtoto, dada Devota. Mbebe kwanza, ndiyo useme wiki tatu."

Devota alimbeba.

"Haya, mwache Lea asiwashe," alisema Mwajabu. "Daktari atapata marehemu wawili wa kuandika, na hatamwandika hata mmoja."

Lea alikuwa ameshainuka. Alipanda kwenye kigoda, akashusha waya, akachomeka. Vidole vyake vilitafuta tundu la flashi mara tatu. Walisikiliza ule utangulizi mrefu wa wimbo wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, hakuna aliyegusa kitufe. Zeze lilipoanza, Devota mwenyewe alimsogeza mtoto kwenye spika.

"Nisamehe, Eva," alisema Lea. Alikiambia kitambaa cha spika, kawaida tu, kama mtu anayeomba kupishwa.

Siku ya kliniki Sista Angelina aliweka tiki palepale.

Hana alipotimiza miezi sita kituo kiliandaa hafla ya akina mama walionyonyesha bila kuchanganya na chakula kingine. Jina la Evarista lilikuwa la tatu. Kiti chake kiliwekewa karatasi yenye jina, mstari wa mbele, na mpiga picha aliambiwa akiache kama kilivyo. Daktari Petro alisoma majina, akapeana mikono. Lilipofika la Evarista alisita kidogo tu, akamkabidhi Lea cheti chenye fremu na sabuni mbili.

"Hongera kwake," alisema.

"Atasikia," alisema Lea.

Palikuwa na daftari la kupokelea vyeti. Mahali pa sahihi ya mama, Lea aliweka kalamu chini, akasukuma daftari bila kusaini. Akatazama ukuta. Ukutani walikuwa wamebandika bango jipya: siku mia tano arobaini na kitu bila kupoteza mama. Nyuma ya Lea watu walikuwa kwenye foleni, jua lilikuwa kali, na Sista Angelina alichukua kalamu, akasaini "Evarista" kwa mwandiko mzuri, polepole, herufi zote. Akafunga daftari.

Nyumbani Lea aliweka cheti kabatini, kikitazama chini, akawasha sabufa. Hana alitambaa mwenyewe kuifuata spika ya kushoto. Wiki hiyo jino la kwanza lilikuwa limetoka, la chini, dogo kama punje ya mtama. Katikati ya zeze aling'ata. Wimbo ulikatika ghafla, kama mtu aliyevuta pumzi kwa maumivu, na kwa muda chumba kizima kilikuwa kimya isipokuwa yule mbuzi wa Kongwa. Kisha ukaendelea, taratibu, pale ulipoishia.