Moyo Aliobakiziwa

Suuu-wiii. Suuu-wiii.

Mlio huo ulinipokea nilipotoka kwenye lifti, kabla sijauona mlango wala kitanda. Ulianzia tumboni, ukavutwa hadi ukapasukia puani, nami niliujua tangu utotoni: ndivyo watu wa kwetu Southampton, wilaya ya mashambani kusini mwa Richmond, wanavyowaita nguruwe waje kula. Kikafuata kicheko cha wauguzi. Nikajua anayeita ni baba yangu, Lemuel Boykin, na kwamba ameshaambiwa.

Nilimkuta ameegemea mito, nyaya zimemtambaa kifuani, miguu imevimba hadi ngozi inang'aa. Shangazi Verlene, dada yake, alikuwa ameketi dirishani, mkoba mapajani.

"Tavon, mwanangu," Baba akasema, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Wamenipatia moyo. Una mkia."

Wauguzi wakacheka tena. Mimi nilitamani kupasua kitu.

Hasira ile nilikuwa nayo tangu majira ya baridi yaanze. Hospitali hii ya Mtakatifu Anselmo ilimpangia Baba vipimo, ili aingizwe katika orodha ya wanaosubiri moyo wa mtu. Wiki hiyohiyo jalidi ya kwanza ikaganda majanini, na kwetu jalidi ikishaganda watu huacha kila kitu, kwa kuwa siku ya kuchinja nguruwe haipangwi na mtu. Joto likizidi, nyama huoza kabla chumvi haijapenya. Baridi ikizidi, nyama huganda na chumvi haiingii kabisa. Mbingu ndiyo inayochagua, na ukoo mzima hukusanyika nyuma ya nyumba ya Shangazi Verlene, wazee wakinoa visu, wanawake wakikoroga mafuta, moshi ukiwaumiza macho wote sawasawa. Baba hakuwahi kukosa tangu alipoweza kushika kisu.

Basi alipiga simu hospitali mwenyewe. Angeweza kusema ana homa. Angeweza kusema gari limeharibika. Akasema ukweli: anakwenda kuchinja nguruwe, atakuja wiki ijayo. Mwanamke wa upande wa pili akacheka. Kwetu Southampton, mtu akicheka udhuru wako ameshaupokea. Mambo yamekwisha, mnasalimiana na kuendelea. Baba alikata simu akiwa ameridhika, akaniomba nimpeleke kwa dada yake.

Hakuna aliyekuwa ameupokea udhuru wake. Jopo lao la madaktari liliamua kwamba mzee huyu hafuati masharti, kwamba atatupa vidonge kama alivyotupa miadi, na kwamba moyo wa mtu ni mali adimu isiyofaa kupotezwa kwa watu wa namna hiyo. Watu wa namna hiyo. Baba yangu aliendesha basi la shule maisha yake yote, na katika mtaa wetu mjini Richmond kina mama walirekebisha saa zao kwa mlio wa breki zake.

Daktari Pruett alipoingia, wauguzi walitawanyika. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti. Alinieleza kwamba nguruwe atakayetolewa moyo huo amelelewa katika nyumba safi kuliko wodi hii, na kwamba chembe za urithi wake zimebadilishwa ili mwili wa Baba usiukatae moyo wake. Hakuficha hatari: waliotangulia kuwekewa mioyo ya namna hiyo hawakuishi muda mrefu. Ndiyo maana serikali huruhusu jambo hili kwa mgonjwa asiye na njia nyingine tu.

"Kwa hiyo ili apewe wa nguruwe," nikasema, "ilibidi kwanza anyimwe wa mtu."

"Ukilitazama hivyo, ndiyo."

"Nani aliyemnyima?"

"Jopo."

"Na kwenye jopo alikuwamo nani?"

Alivua miwani yake. "Mimi nilikuwa mmoja wao."

Hakuinamisha macho, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mwongo ningejua pa kumshika. Akaendelea, kwa sauti ileile, kwamba waandishi wa habari watakuja baada ya upasuaji, na kwamba familia ingeombwa isimame mbele yao na kusema maneno machache ya shukrani. Kisha akamwachia Baba karatasi ya ridhaa, akatoka kusubiri ukumbini.

Nilimwambia Baba asitie sahihi. Nikasema tutakwenda hospitali nyingine, tutatafuta wakili, tutawaburuta mahakamani hadi wajute. Nilisema mengi, nikitembea huku na huku, hadi Shangazi Verlene akaufunga mkoba wake kwa kishindo.

"Wewe kijana," akasema, "hiyo hasira yako itamsukumia baba yako damu?"

Baba akamwomba dada yake amletee barafu ya kumumunya. Shangazi alitutazama kwa zamu, akaelewa, akatoka.

Tulipobaki wawili, uso wa Baba ulibadilika. Kicheko kilimtoka kama koti alilokuwa amelivaa kwa ajili ya wageni, na chini yake nikaona kitu nilichodhani ni changu peke yangu. Taya zilikakamaa.

"Unadhani mimi sijakasirika?" akauliza. "Nikikasirika pumzi inakatika. Nikicheka inanitosha hadi jioni. Basi nacheka."

Nikaketi. Muda wote nilikuwa nimemdhania mnyonge, mzee anayewachekesha waliomdharau, na nilikuwa nimemkasirikia yeye pia bila kukiri. Aliichukua karatasi, akatia sahihi yake kubwa ya dereva, polepole, akipumzika katikati ya jina.

"Nataka kuishi, Tavon. Hata kwa huu. Lakini nisikilize. Niamke nisiamke, watasema nilijitolea. Wataniita shujaa. Mimi sikujitolea. Nyumba ilikuwa inaungua, wakafunga mlango, wakanionyesha dirisha. Nitaruka. Ila wasije wakasema nilipenda kuruka."

Mlango ulikuwa wazi. Ukumbini, Daktari Pruett alikuwa amesimama akitupa mgongo, ametulia tuli. Baba alinishika kiganja kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Nikasimama, nikapaza sauti ili isikike hadi kule nje.

"Watakaponipa nafasi ya kusema, Baba, kabla ya asante, kabla hata ya jina langu, nitawaambia hivi: aliomba wa mtu kwanza, na hawa ndio waliomnyima. Nakuahidi."