Kuku wa Jirani Hahesabiwi

Kwetu hakuna aliyekula chakula cha jioni kabla ya kumtaja mnyama. Mama aliweka mkono juu ya kifuniko cha sufuria, na kila mmoja kwa zamu akamshukuru Mungu kwa kiumbe mmoja wa porini aliyemwona siku ile kwa macho yake mwenyewe. Mbuzi, paka na kuku hawakuhesabiwa, maana wana wenyewe wa kuwalisha. Mama alitaka wale wasio na mtu, wanaoamka bila kujua watakula nini na jioni wameshiba. Mungu anawalisha kimyakimya, alisema, sisi angalau tuone. Na mnyama mmoja hakutajwa na watu wawili jioni moja.

Sharti la kuona kwa macho lilitokana na mjomba wangu, mwalimu wa kwaya. Nilipokuwa mdogo nilishukuru jioni moja kwa ajili ya fisi niliyemsikia nyuma ya nyumba. Kumbe ni mjomba, amejilaza kwenye mkeka mchana kweupe, anakoroma. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Mama hakucheka hata kidogo. Alisema sala si mahali pa kubahatisha, na tangu hapo mnyama aliyesikiwa tu hakutajwa mezani.

Nazikumbuka siku zile mpaka moyo unauma. Nilitoka shuleni nikipekua vichaka kama mtu aliyedondosha pete. Baba, fundi baiskeli, alikuwa na mwewe wake juu ya karakana, akamtaja siku nenda siku rudi mpaka Mama akamwomba amwache ndege wa watu apumzike. Mama mwenyewe alishinda kwenye cherehani akishona sare za shule, na bado alitupita wote. Dirisha lake lilitazama majani marefu, na mguu ukiwa kwenye kanyagio aliona kenge, sungura, kwale na vifaranga vyake. Mimi nilimfuata kwa karibu, ndiyo maana Baba aliniita Macho Kodo.

Kisha nikahamia mjini kupokea simu katika ofisi ya mawakili. Huko nilianza kula nimesimama, na mtu anayekula amesimama hamtaji hata sisimizi.

Siku moja Baba akapiga simu. Kwamba presha ya macho ilikuwa imemaliza macho ya Mama, hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba ameacha kusali. Zamu ikimfikia anasema "Amina" na kufunua sufuria, wanakula kama wageni wawili hotelini. Baba alisema amebembeleza amechoka.

"Njoo, Macho Kodo," alisema. "Mimi ananiambia nikae kimya."

Nilimkuta Mama kwenye kiti kilekile cha dirishani, anapinda pindo la sketi kwa mkono, vidole vikifanya kazi ya macho. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia Mungu hana shida na masharti yetu, amtaje yeyote, hata kenge wa mwaka juzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mteja aliyenenepa anayedai fundi ndiye aliyekosea vipimo.

"Alasiri kuna wanaopita hapo chini," alisema. "Nasikia majani. Nadhani ni nguchiro. Lakini wanaweza kuwa kuku wa jirani. Nimshukuru Mungu kwa kuku wa jirani?"

Nilicheka. Yeye alikuwa ameshusha sindano.

"Nilidhani nitakosa rangi za nyuzi," alisema. "Kumbe ninaowakosa ni wao. Nilipowaona nilijua Mungu hajanisahau. Sasa ni majani tu, mwanangu."

Nilivuta kigoda, nikakaa chini ya dirisha na kungoja. Jua lilikuwa limefika kwenye mguu wa cherehani pale Mama aliponishika kifundo cha mkono. Majani yalichezacheza, kikatokea kichwa chembamba.

"Sema," alininong'oneza.

Nikasema ni nguchiro, wa kahawia. Akauliza kahawia ya chai au ya udongo. Udongo, nikasema, na mgongoni ana michirizi, kama kitambaa kilichokaa kimekunjwa muda mrefu. Wengine wakafuata, na watoto wao. Mmoja, mdogo kuliko wote, alibaki nyuma akihangaika na gamba la konokono. Nikamweleza jinsi mkubwa wao alivyogeuka, akarudi, akamng'ata ngozi ya shingo na kuondoka naye. Sikumbuki mara ya mwisho kutazama kitu muda wote ule.

Nyuma yao, taratibu, akaja kuku mweupe wa jirani. Nikamwambia na hilo. Mama alicheka mpaka sketi aliyokuwa anaipinda ikamponyoka magotini.

"Basi nilikuwa nawasikia wote," alisema.

Jioni Baba alirudi ananuka grisi, akamshukuru Mungu kwa mwewe wake. Zamu yangu ilipofika nilikuwa na nguchiro mdomoni kabisa. Nikammeza, nikasema "Amina" tu. Mama aliweka mkono juu ya kifuniko, na Baba akaanza kunyoosha mkono kuchukua sahani.

"Baba yetu," Mama alisema, "asante kwa nguchiro, na kwa yule mdogo aliyebaki nyuma ukamrudishia mama yake. Mimi sikuwaona. Ameona binti yangu, nami namwamini."

Amina ya Baba ilichelewa, maana alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa shati. Mama akafunua sufuria, akapapasa hadi kwenye sahani yangu, akanipakulia.

"Macho Kodo, mbona wewe hukumtaja mnyama?"

Nikamwambia wangu amemchukua yeye.

"Basi huondoki kesho," alisema. "Baki umtafute mwingine."