Namba Isiyo na Mwenyewe

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu ni kupima watu. Kiuno, kifua, bega, urefu wa mkono: kila kipimo nakiandika kwenye daftari, na juu yake naandika ni cha nani. Kipimo kisicho na mwenyewe ni takataka. Ndiyo maana hadi leo nikiikumbuka siku ile hasira hunipanda, kwa sababu fujo yote ilitokea ndani ya duka langu, hatua mbili tu kutoka lilipo daftari.

Mama yangu ana presha. Kliniki ilipoanza kutibu watu kwa simu, walimpa mashine ndogo ya kupimia. Unavaa mkanda mkononi, unabonyeza, mkanda unabana, namba zinatokea, na simu yake inazipeleka kwa daktari bila mtu kuandika kitu. Kila Jumatatu daktari anapiga simu ya video, wanaonana, wanasalimiana kama watu walionyonya ziwa moja, basi. Nilishukuru sana. Tangu Baba aende hospitali kwa miguu yake akarudi amebebwa, Mama hakutaka hata kupita barabara ile.

Siku hiyo haikuwa Jumatatu. Simu ya Mama iliita nikapokea mimi, pini mdomoni.

"Mama yuko wapi?" daktari aliuliza. Hakunisalimia, na yule dada husalimia mpaka kuku wa nyumbani.

"Yuko hapa, anachambua vifungo."

"Anaongea vizuri? Uso haujapinda?"

Nikamgeuzia Mama simu. Mama akampungia mkono.

"Sikilizeni. Sasa hivi zimeniingia namba saba kwa mkupuo. Sita ni za kawaida. Moja ni mia mbili na kumi na mbili kwa mia na thelathini. Mwenye hiyo anatakiwa hospitali, anaweza kupooza akiwa amesimama. Ni ya nani?"

"Ya nani kivipi?" nikasema. "Mgonjwa si mmoja?"

"Na mimi ndicho ninachouliza."

Nikamtazama Mama. Mama akatazama vifungo.

"Niliwapima wateja," alisema. "Mtu kaja, kakaa, anakusubiri, na wewe huna haraka. Nimkalishe tu?"

Sikujua nicheke au nilie. Mama ni mkarimu kupita kiasi. Angekuwa na dawa ya kikohozi angekugawia kijiko mlangoni. Simu yake ilikuwa imezima tangu alfajiri, mimi ndiye niliyeichaji na kuiwasha, na namba zote zikaondoka pamoja kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Nani alitangulia, nani alifuata, daktari hakuweza kujua.

"Tuanze na Mama," daktari akasema.

Mama akasema mkono wa gauni lake unambana, hawezi kuvua mbele za watu. Akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akamwita binti mmoja mteja aliyekuwa dukani amsaidie zipu. Tukasikia mkanda ukijaa, ukipumua.

"Mia na kumi na nane kwa sabini na sita," daktari alisoma kule aliko. "Alhamdulillahi, si Mama."

Nikafurahi, kisha nikaona haya, kwa sababu kama si Mama basi ni mtoto wa mtu. Nikafungua daftari. Wateja wa asubuhi walikuwa sita: mabinti wanne wa sare za kwaya, mwalimu, na dereva wa lori. Sita na Mama, saba. Mabinti walikuwa bado wanagombea kioo. Nikawapima, wote wazima. Mwalimu nilimpigia akaja mbio, jasho linamtiririka, ameshawaaga wanafunzi wake.

"Wanangu wawili bado wadogo," alikuwa anasema. "Fundi, niambie ukweli."

Alikuwa na mia na thelathini na nane. Daktari akasema hizo ni mbio tu, anywe maji.

Akabaki dereva, na dereva hakupokea. Nilipiga mara tano. Nilimwona akilini amelalia usukani, lori linaelekea sokoni bila mtu. Alipopokea alikuwa anapakia saruji mtaa wa pili. Akaja na lori lake, akaketi, akanyoosha mkono.

"Mia na kumi na saba," nikasoma.

"Ya mtoto mchanga hiyo," akajisifu.

Sita wazima, Mama mzima, na namba ya kumuua mtu bado ipo. Nikasema mashine mbovu. Mwalimu akasema labda imeokota namba ya jirani hewani. Nikajipima na mimi, ambaye mkono wangu haukuwahi kuingia mle: mzima. Nikapitia daftari tena, jina kwa jina, kipimo kwa kipimo, na hapo nikagundua mtu mmoja hajawahi kuandikwa humo. Vipimo vya Mama sijawahi kuviandika. Navijua kwa moyo.

Nikainua macho nikatazama gauni lake. Mkono ule niliushona mimi mwezi uliopita, nikaupanua makusudi, ili aukunje hadi begani akitaka kujipima. Haumbani. Haujawahi kumbana.

"Mama," nikasema, "nyuma ya pazia ulikuwa mkono wa nani?"

Binti wa zipu akaanza kulia. "Mama mkubwa alisema niutoe tu wangu, ni mzaha."

Mama alikuwa bado anachambua. Kwenye kopo la vifungo vyeupe, nusu vilikuwa vyeusi.

"Niliiona mapema, kabla hamjafika," alisema. "Nikajua ikichanganyika na za watu itapotea. Baba yako alienda kule kwa miguu yake."

Nilitaka kumfokea. Nilikuwa na maneno tayari, makali. Badala yake nikapiga magoti, nikaukunja ule mkono wa gauni, ukapanda hadi begani bila shida, nikamfunga mkanda mimi mwenyewe. Mia mbili na tisa kwa mia na ishirini na nane.

"Mpelekeni sasa," daktari akasema, na dereva alikuwa ameshafungua mlango wa lori.

Ndani ya lori niliishika simu mbele ya uso wa Mama, kama nilivyoagizwa.

"Mama, nakuona," daktari alisema. "Endelea kuongea na mimi. Sitakata."

"Nami nakuona, mwanangu," Mama akamjibu. Kisha akanigeukia mimi, akaing'ang'ania tepu ya kupimia iliyokuwa bado inaning'inia shingoni mwangu.

"Yeye ananiona," alisema. "Wewe nishike."