Stupka Akataa Kumpisha Tibbs

Verlon Stupka alikuwa mrushaji wa besiboli katika ligi ndogo tangu hajaota ndevu za maana, na sasa mvi zilikuwa zinachungulia chini ya kofia yake. Omaha, Tulsa, Toledo, Spokane: kila mji ulimpa jezi na chumba cha kupanga, kisha ukampa mkono wa kwaheri. Baba mkwe wake, mwenye duka la mbegu kule Nebraska, alikuwa na wimbo ule ule kila Krismasi.

"Mwanangu, huo mchezo wa watoto. Njoo tuuze mbegu."

"Mbegu zako hazioti kwa mkono wangu, baba," Verlon hujibu, akijiongezea viazi.

Agosti moja warushaji wawili wa timu ya ligi kuu waliumia, wa tatu akagombana na mwenye timu. Ndipo wakamkumbuka. Kocha mkuu, Burl Hanratty, alimpima kwa macho toka utosini hadi viatuni.

"Nimeomba mrushaji, wameniletea babu yake."

"Babu ndiye aliyemfundisha, kocha."

Alikalia benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Halafu ikaja siku ya jua la kuchoma. Timu yao ilikuwa mbele kwa pointi moja, wapinzani wawili wako vituoni, na amebaki mtu mmoja tu wa kutolewa mchezo uishe. Mtu mwenyewe ni Roosevelt Tibbs, mpigaji ambaye akiupata mpira, mpira huenda kuokotwa barabarani nje ya uwanja. Verlon akaitwa.

Hanratty alimfuata hadi kwenye kichuguu cha kurushia. "Mrushie mipira minne pembeni, aende kituo cha kwanza bure. Anayemfuata ni mchovu, tutammaliza."

"Sikuja huku kupisha watu."

"Hukuja, uliletwa. Fanya nilivyosema!"

Kocha akarudi zake. Mdakaji, Lupe Arredondo, akasimama pembeni, mkono ameunyoosha mbali. Verlon akatikisa kichwa.

"Chuchumaa mahali pako, Lupe. Namrushia apige."

"Mzee, utatuponza!"

"Chuchumaa, ndugu yangu. Kama ni kuponzeka, niponzeke mimi."

Arredondo akachuchumaa, huku ananung'unika. Mpira wa kwanza ulikwenda polepole, Tibbs akacheka, akapiga upepo. Wa pili aliupata sawasawa. Ukapita nje ya mstari kwa kiganja tu, likahesabiwa kosa la pili, na uwanja mzima ukashusha pumzi. Kicheko kikafutika usoni mwa Tibbs. Kutoka benchini Hanratty alikuwa anatukana hadi mishipa ya shingo imemsimama. Verlon hakugeuka. Aliurusha wa tatu kwa nguvu zote za bega, ila vidole aliviacha vilegee, mpira ukaja unajikokota. Tibbs alikuwa ameshamaliza kuzungusha gongo ulipotua kwenye glovu ya Lupe: kosa la tatu, Tibbs nje, mchezo umekwisha.

Watu walipagawa. Hanratty hakumpa hata mkono. "Tumeshinda," alisema, "na wewe umekwisha."

Asubuhi akarudishwa ligi ndogo. Ligi kuu haikumwita tena maishani.

"Ungempisha tu yule mtu," mkewe LaVonne alimwambia, "si ungekuwa bado uko kule?"

"Ningekuwepo," Verlon alisema, "na hadi leo ningekuwa napisha."

Oktoba ilipofika, timu moja ya Mexico ilikuwa inatafuta mrushaji. Alilifunga bega bandeji, akabeba begi, akaenda.