Marehemu Anakunywa Chai

Kinyozi alikwenda kubatizwa wakati wa mapumziko ya mchana, akamwacha mteja kitini akiwa amenyolewa upande mmoja tu. Aliporudi, shati likimchuruzika maji, mteja alikuwa bado amefungwa kile kitambaa cheupe shingoni, anajikodolea macho kwenye kioo.

"Haya fundi, malizia. Kesho naoa."

"Aliyeanza kukunyoa amekufa," Kinyozi akamwambia kwa upole mkubwa.

"Amekufa lini?"

"Sasa hivi, majini. Mimi nimezaliwa upya. Kichwa chako sikijui."

"Fundi, acha masihara! Nitaingiaje kwa wakwe na kichwa kama shamba lililolimwa likaachwa nusu?"

"Pole kwa msiba," Kinyozi akasema. Akaitundika mashine kwenye msumari, akamtoa mteja nje na kitambaa chake shingoni, akafunga duka.

Njiani alimwamkia kila mtu shikamoo, hata msichana wa shule aliyekuwa anaruka kamba, kwa sababu yeye sasa ndiye mdogo kuliko wote mtaani. Alimwamkia hivyo hivyo na mkewe, aliyemkuta uani anaanika nguo.

"Marahaba," mkewe akajibu kabla hajafikiri. Alipoelezwa habari nzima, aliangusha beseni akamkumbatia. "Mungu mkubwa! Miaka yote hii naomba uokoke. Basi vaa nguo kavu, twende kwa binti yetu ukamwombe radhi."

Binti huyo alijifunza kunyoa pale pale dukani kwa baba yake. Siku moja wateja walimpanga foleni yeye, kiti cha baba kikabaki kitupu. Kinyozi akasimama mbele yao wote akasema, "Mimi sina binti. Huyu simjui." Msichana akakusanya vitana vyake akaondoka. Akafungua kibanda chake mtaa wa pili, na tangu hapo hakukanyaga nyumbani.

"Maneno hayo aliyasema yule wa zamani," Kinyozi akajibu. "Maandiko yanasema mimi ni kiumbe kipya, na ya zamani yameshapita. Nitaombaje radhi kwa jambo lililotokea kabla sijazaliwa?"

Mkewe aliokota beseni.

"Kwa hiyo mume wangu amekufa."

"Kabisa. Tumshukuru Mungu."

Mwanamke mwingine angegombana. Huyu alitoka mpaka barabarani, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe la msiba.

Majirani wakajaa. Viti vikapangwa, birika la chai likabandikwa, picha ya Kinyozi ikawekwa mezani. Fundi bomba wa nyumba ya jirani alichukua jembe akaanza kuchimba shimo nyuma ya jiko. Ndani ya sanduku la mbao mjane alilaza kofia ya marehemu, suruali yake ya kazi na sandali zake. Kinyozi mwenyewe alikaa kwenye benchi, kikombe mkononi.

"Pole, kijana," bibi mmoja akamshika mkono. "Marehemu ni nani wako?"

"Hatukuwahi kuonana."

"Mnafanana lakini. Hasa pua."

Mchungaji alifika akihema, akamvuta mjane pembeni. "Mama, mumeo si yule pale anakunywa chai?"

"Mchungaji, nani alitangaza leo majini kwamba mtu wa kale amezikwa? Ulikuwa unatania?"

Mchungaji akaitazama picha mezani. "Sikuwa natania."

"Basi fungua ibada."

Hapo ndipo binti alipoingia mbio, aproni yake imejaa nywele za wateja. Alikuwa amepigiwa simu kwamba baba yake hayupo tena. Hakumwangalia mtu. Alijitupa juu ya sanduku akalia, "Baba! Umeondoka kabla hatujaongea!" Kinyozi akaacha kunywa. Binti akafungua kifuniko, akaona kofia na suruali. Akainua macho, akamwona mwenye kofia.

"Baba?"

Kinyozi akasimama. "Shikamoo, dada," akasema.

Hakuna aliyecheka. Binti alimtazama mama yake, na mama akamweleza yote kwa sentensi chache. Msichana akafuta machozi kwa aproni, akakaa na wafiwa.

"Mwenye dai lolote kwa marehemu," mchungaji akatangaza, sauti haina nguvu, "ajitokeze kwa familia."

Yule bwana harusi, kitambaa bado shingoni, alisimama nyuma kabisa. "Namdai nusu ya kichwa."

"Mwulizeni mrithi yule," mjane akasema. "Kachukua meno ya marehemu, viatu vyake, mpaka kikohozi chake."

"Mimi simjui mtu huyu," Kinyozi akasema, na watu wakaguna.

"Njoo, kaka," binti akaita. "Marehemu alikuwa baba yangu, kazi yake nitaimaliza mimi." Akatoa mashine ya betri mfukoni mwa aproni, akamkalisha bwana harusi kwenye ndoo iliyofunikwa, akaanza kunyoa.

Mashine ikiwa inanguruma, mchungaji alisoma lile andiko la kiumbe kipya. Kinyozi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mchungaji akafunga kitabu.

"Mbona unafunga?" mjane akauliza. "Mstari unaofuata unasemaje?"

Mchungaji akafungua tena, akasoma polepole. Mstari uliofuata ulisema kwamba Mungu ametupatanisha na nafsi yake, kisha akatupa sisi kazi hiyo hiyo ya kupatanisha.

"Mimi huko sikufika," Kinyozi akanong'ona. "Nilipopata pale palipopendeza, nikafunga."

Akaenda mpaka kwenye ndoo. "Dada... binti... yule mzee alikukosea sana. Alikuwa na roho mbaya, ana kiburi, ana—"

"Usimseme marehemu vibaya," binti akamkata, mkono haujasimama. "Hawezi kujitetea."

Watu wakaitikia kwamba ni kweli, haifai. Kinyozi akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakubaki wa kusingiziwa.

"Ni mimi," akasema. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Mimi ndiye niliyesema sina binti. Nilikuonea wivu. Ulikuwa unanyoa vizuri kuliko mimi, na mpaka leo unanyoa vizuri kuliko mimi. Nisamehe, mwanangu."

Mashine ikazimika. Nyuma ya jiko, fundi bomba akachungulia kutoka shimoni. "Mama, tufukie, au maiti kaghairi?"

"Fukia," mkewe akasema, machozi yakimtoka. "Sasa ndiyo amekufa."

Binti alikung'uta nywele kwenye bega la bwana harusi, akamwinamisha kichwa kidogo, akawasha tena mashine.

"Sogea, baba," akasema. "Unanizibia mwanga."