Jiko la Mtu Mmoja

Binti yangu alitoa shikamoo mlangoni, na marahaba yangu ikamkuta ameshatoa futi. Akanipima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, kutoka kwenye kiti hadi kwenye kiwiko, kisha akaniambia ninyooshe mkono wa kulia juu mpaka pale unapoanza kuuma. Haukufika mbali. Bega hilo nililiacha kazini. Nilikuwa dereva wa kreni kwenye majengo marefu, na kiti cha kreni ile alikibuni mtu ambaye nadhani hakuwahi kukaa maishani mwake.

Kazi ya binti yangu ni kupanga nyumba na ofisi za watu kwa ndani. Usimwambie anachagua rangi za mapazia, atanuna wiki nzima. Yeye humtazama mtu anavyoinama, anavyojinyoosha na anavyonyanyuka, halafu anaitengeneza nyumba imfuate huyo mtu.

"Baba, kiti kikizidi kwenda juu kinabana paja, damu haipiti vizuri," aliniambia huku kapiga magoti sakafuni. "Kikiwa chini sana, magoti ndiyo yanabeba mzigo wote wa kukunyanyua. Hiki chako kinakuonea."

"Tumezoeana," nikamjibu.

Hakucheka. Akahamia jikoni, na huko akashika kiuno.

Jiko lilikuwa la marehemu mama yake. Mke wangu alinizidi kimo kwa kichwa kizima, tukipigwa picha mimi ndiye niliyetafutiwa kitu cha kukanyagia, na jiko alilipanga kwa urefu wake: makabati juu, meza ya kukatia juu, komeo la dirisha juu kabisa. Alipofariki, vitu vyote vikabaki huko alikoviweka, na mimi nikabaki huku chini.

Aliyenisaidia ni Twiga, jirani wa mlango unaotazamana na wangu. Ni mjane, rafiki wa mke wangu tangu usichana wao, kwa hiyo mimi shemeji yake na yeye shemeji yangu. Ni mrefu hasa. Jengo zima linamwita Twiga na anaitika bila kinyongo. Kila asubuhi alibisha hodi na kuingia bila kungoja karibu, akaniteremshia kopo la sukari na la majani ya chai, akafungua dirisha, kisha akakaa. Tulikunywa chai, tukawasengenya wapangaji wa juu, tukabishana habari za mpira, ambao haujui na hakubali kwamba haujui. Chai ikiisha aliosha vikombe, akalirudisha kopo la sukari juu kabisa.

Utauliza kwa nini asiliache mezani. Sikuwahi kumwuliza, naye hakuwahi kusema. Nilikuwa namtazama akinyoosha ule mkono wake kulirudisha, na roho yangu inatulia, kwa sababu nilijua kesho atakuja. Nadhani naye alijua ninachojua. Watu wa umri wetu, tulioachwa na wenzetu, tunaona haya kuambiana tu njoo tukae. Lazima iwepo kazi ya kumleta mtu. Sisi kazi yetu ilikuwa sukari.

Sasa binti yangu, katika kazi yao, wana desturi ya kukaa pembeni kimya na kumtazama mtu anavyoishi, bila kumwingilia, ili waone anahangaika wapi. Asubuhi ile alikaa karibu na friji. Aliona mkono wangu haufiki kabatini. Aliona nimekaa kitako namsubiri jirani ndipo nipate chai. Twiga alipoondoka, akanigeukia machozi yakimlenga.

"Baba, yaani kila siku unangoja mtu akuteremshie sukari?"

"Hajalalamika."

"Na siku akiumwa je? Akisafiri?"

Hapo alikuwa na haki. Lakini kwa jicho lake la kazi, Twiga alikuwa kasoro ya jiko, sawa na bawaba iliyolegea, na kasoro huondolewa. Nafasi ya kusema kitu ilikuwa hapo hapo. Nilijikuna kidevu nikamwambia afanye anavyoona inafaa.

Akaleta fundi seremala, akaleta fundi umeme, nyumba ikajaa vumbi la mbao. Meza ya kukatia ikashushwa hadi chini kidogo ya kiwiko changu. Makabati ya juu yakang'olewa, mahali pake pakaja droo pana zinazokuja zenyewe ukizigusa. Swichi zikateremka, dirisha likawekewa mpini mrefu, koki ya kuzungusha ikawa ya kusukuma kwa kiganja. Kiti kikaja kipya, chenye mikono ya kujiegemeza, cha kipimo cha mapaja yangu na si ya mtu mwingine. Kile cha pili cha zamani, alichokuwa akikalia Twiga, kilipelekwa chini kwa mlinzi, maana kilikuwa kinaziba njia yangu ya kutoka kwenye sinki kwenda kwenye jiko.

Nisiwe mchoyo wa shukrani. Asubuhi ya kwanza nilijipikia chai bila bega kulia hata kidogo. Nilikaa pale, kila kitu kiko karibu na mkono, nikageuka kushoto, nikageuka kulia, nikajiona niko tena kwenye kibanda cha kreni, mahali ambapo mtu hahitaji kunyanyuka kwa lolote. Nilifurahi kama mtoto.

Twiga alipobisha, sukari ilikuwa tayari mezani. Binti yangu akamzungusha jiko lote, akamfungulia droo moja baada ya nyingine. Twiga akapitisha kidole kwenye ukingo wa meza, akatikisa kichwa kwa kuvutiwa.

"Mwanangu, kazi umeifanya. Mama yako angefurahi."

Nami, kwa mdomo wangu huu, nikadakia kwa majivuno: "Shemeji, sasa umepumzika. Sitakusumbua tena."

Nilidhani nimesema neno la adabu. Akanitazama kidogo.

"Haya," akasema. "Ni vizuri."

Alijaribu kusogea mezani na magoti yake yakagonga ubao. Kiti cha kukalia kilikuwa kimoja, nacho nimekikalia mimi. Nikaanza kunyanyuka, akanizuia kwa mkono. Alikunywa chai yake kasimama, nusu kikombe, akasema kuna nguo zake kwenye kamba ya nje na mawingu yanakusanyika. Jioni ile binti yangu naye akaondoka, baada ya kupiga picha za jiko awaonyeshe wateja wake.

Kesho yake Twiga hakuja. Nikasema labda ana wageni. Keshokutwa nikasema labda mafua. Wiki ikapita, ikaja nyingine, na mimi nikawa mtu wa kusikiliza mlango wa jirani. Nikisikia kitasa chake, nanyanyuka. Nikisikia viatu vinashuka ngazi, nakaa tena. Tulikutana mara kadhaa kwenye ngazi, tukasalimiana vizuri mno, kama watu waliopanga foleni moja benki. "Jiko linakwendaje?" anauliza. "Linakwenda," najibu.

Niseme lililo kweli: niliteseka. Nyumba iliponipa tabu nilikuwa na mtu wa kumlalamikia. Sasa nilikuwa nakaa kwenye kiti ambacho hakiniumi popote, mgongo umenyooka, miguu imekanyaga chini sawasawa, na siku nzima sijafungua mdomo ila kukohoa. Nilianza kumjibu mtangazaji wa redio. Siku moja nilimwaga chumvi makusudi ili nipate sababu ya kwenda kuazima. Nikafika hadi mlangoni kwake, nikajiona mjinga, nikarudi kufagia.

Mwishowe nikapiga moyo konde. Nilivaa shati safi, nikavuka korido, nikabisha. Alifungua mlango, na nyuma yake nikaona maboksi yamepangwa mpaka dirishani.

"Karibu shemeji. Angalia usijikwae."

"Unasafisha?"

"Nahama." Alisema huku anafunga kamba, bila kuniangalia. "Mwanangu ana chumba kwake. Siku nyingi ananisihi niende, mimi nakataa."

"Mbona ulikuwa unakataa?"

Akaiacha kamba. "Nilikuwa namwambia kuna mtu hapa hawezi kunywa chai bila mimi."

Nilisimama katikati ya maboksi yale. Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Shemeji," nikasema, "nakuhitaji bado."

"Kwa kazi gani?"

Nikaitafuta. Wallahi niliitafuta kazi, nikapita droo zote kichwani, dirisha, swichi, koki. Hapakuwa na kitu ambacho mkono wangu haukifikii.

"Kwa kukaa tu," nikamwambia. "Uje tukae."

Uso wake ukalegea. Akaketi juu ya boksi, akaweka mikono yake mirefu magotini.

"Ungesema," akajibu taratibu. "Hata siku ile ungesema hivyo, mbele ya mtoto, ningekaa hata sakafuni. Funguo nimeshawapa wapangaji wapya. Mjukuu wangu amepaka rangi chumba chenyewe, ananisubiri. Nitamwambia nini sasa?"

Kesho yake gari likaja. Sikuweza kubeba hata boksi moja kwa sababu ya bega, kwa hiyo nilishika mlango wa chini usijifunge huku wengine wanapita. Alinipa mkono, akasema nijitunze, nikasema na yeye ajitunze. Wapangaji wapya wana vijana wawili na muziki. Wananiamkia vizuri, hawana neno.

Binti yangu alipiga simu jioni.

"Baba, jiko linasemaje?"

"Liko salama."

"Kuna kitu kimekwama? Kuna kitu nije nirekebishe?"

Ningemwambia droo imekwama angekuja Jumamosi na bisibisi. Uongo ulikuwa mdomoni kabisa. Nikaumeza, nikasema nililopaswa kujifunza kulisema mapema.

"Hakuna kilichoharibika, mwanangu. Nina upweke."

Nilisikia kiti chake kikisogea.

"Tangu lini, baba?"

Swali hilo lilikuwa na jibu lake kamili. Nilikuwa nimelikalia, nimeliegemea, mkono wangu ulikuwa umelala juu yake. Nikaitazama ile mbao ya mkono wa kiti, aliyoisugua binti yangu mwenyewe kwa msasa mpaka kucha zikavunjika, ili isinikwaruze kiwiko.

"Tangu Twiga alipohama," nikasema.

"Kumbe amehama? Ee jamani, pole baba." Akavuta pumzi, na nikasikia sauti yake ikipata nafuu. "Afadhali tulimaliza jiko kabla hajaondoka. Sijui sasa hivi ungefanyaje."

"Kweli," nikamjibu. "Sijui ningefanyaje."